KUTU NDANI YA MTUTU
Somo la kemia katika utunzaji wa bunduki

Katika nyumba za wakulima wa Ruponda, kwenye nchi ya Nachingwea inayopakana na Ruangwa mkoani Lindi, si ajabu kuona jembe na panga vimeegemezwa ukutani baada ya kazi bila kufutwa. Asubuhi chuma kimekuwa cha rangi ya kahawia. Mkulima hukipeleka shambani vivyo hivyo, na udongo wenyewe hukisugua hata kikang'aa tena. Jembe huvumilia uzembe wa namna hiyo kwa miaka mingi. Bunduki haivumilii. Kutu ya jembe iko nje, machoni pa watu. Kutu ya bunduki hukaa ndani ya mtutu, mahali ambapo jicho halifiki mpaka litafute, na chuma kinachodhoofika huko ndicho hicho kinachotakiwa kuizuia nguvu ya baruti isimrudie mpigaji. Mtutu ulioliwa na kutu ukipasuka, kinachopotea ni vidole vya mkono, au jicho.

Utunzaji wa bunduki hufundishwa kwa kawaida kama mfululizo wa amri: fungua, sugua, paka mafuta, funga. Amri hizo ni njema, lakini asiyejua sababu zake huzibadili anapokosa kifaa kimoja, na aghalabu huibadili ile isiyofaa kubadilishwa. Kosa lililo mashuhuri kuliko yote ni kupaka mafuta kabla ya kuosha. Mwenye bunduki huuona mtutu unang'aa kwa mafuta, akairudisha bunduki kabatini moyo wake ukiwa umetulia. Siku ya tatu hukuta kutu chini ya mafuta yale yale. Makala haya yanaeleza kwa nini inakuwa hivyo, na yanatoa jaribio ambalo shule yoyote yenye misumari, chumvi na mafuta ya cherehani inaweza kulifanya.

Silaha zilizopita katika nchi hii

Kusini mwa Tanzania ni mahali pazuri pa kujifunzia somo hili, kwa kuwa karibu kila hatua ya historia ya bunduki imepita hapa. Katika karne ya 19 misafara iliyokwenda na kurudi kati ya bara na pwani ya Kilwa na Lindi ilieneza magobore, yaani bunduki zinazoshindiliwa baruti na risasi kwa kupitia mdomo wa mtutu. Mwaka 1890 madola yaliyokutana Brussels yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa, zenye mifuo ndani ya mtutu au zinazojazwa kwa nyuma, zisiingizwe kwa biashara ya kawaida katika sehemu kubwa ya Afrika. Gobore la gumegume na baruti ya kawaida viliachwa viendelee kuuzwa kwa masharti. Hivyo, wakati wa Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, wapiganaji waliokuwa na bunduki walikuwa nayo hasa magobore, na upande wa pili ulikuwa na bunduki za kujazwa nyuma pamoja na bombomu.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani katika Afrika Mashariki zilikuwa bado na bunduki za Mauser za namna ya mwaka 1871, zenye tundu la milimita 11 na risasi zilizojazwa baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu jeupe la moshi lililomwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Bunduki mpya zilizotumia baruti isiyo na moshi ziliongezeka kidogo kidogo. Nyingine zilitekwa katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914. Nyingine zililetwa na meli Rubens, iliyofika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 1915, ikashambuliwa na manowari ya Kiingereza na kuzama katika maji ya kina kifupi. Nyingine zililetwa na meli Marie, iliyoingia Sudi, kusini ya Lindi, Machi 1916, na shehena yake ikachukuliwa bara kwa vichwa na mabega ya wapagazi.

Habari ya Rubens inastahili kusomwa katika kila darasa la kemia. Risasi kwa mamilioni zilitolewa humo zikiwa zimeloa maji ya bahari. Zilifunguliwa, baruti ikaanikwa, maganda yakasafishwa, kisha zikajazwa upya. Hata hivyo baadaye, vitani, risasi nyingi za namna hiyo zilikataa kuwaka. Jua huondoa maji tu. Chumvi iliyokuwamo ndani ya maji hubaki palepale, na usiku unyevu ukirudi chumvi huupokea. Somo lote la mtutu wa bunduki limo ndani ya sentensi hiyo.

Oktoba 1917 vita vilifika Ruponda yenyewe. Hapo palikuwa na ghala la chakula la jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, nalo likatekwa na majeshi ya Kiingereza muda mfupi kabla ya mapigano makubwa ya Mahiwa, tarehe 15 hadi 18 mwezi huo. Mahiwa Wajerumani hawakushindwa, lakini akiba yao ya risasi zisizo na moshi ilikaribia kwisha, na tarehe 25 Novemba walivuka Ruvuma huko Ngomano wakajipatia bunduki na risasi kutoka kwa Wareno. Nusu karne baadaye Nachingwea ilikuwa kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO, mpaka Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Miongoni mwa silaha za wakati huo zilikuwamo bunduki za Kalashnikov, ambazo mtutu wake hupakwa krome kwa ndani. Sababu ya krome hiyo si urembo, kama itakavyoonekana.

Baruti nyeusi huacha nini nyuma yake

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa shura, ambayo ni nitrati ya potasiamu, kwa asilimia 75. Makaa ya miti kwa asilimia 15. Na kiberiti kwa asilimia 10. Mwanafunzi anayedhani kwamba kila kinachoungua hugeuka hewa atashangaa hapa: zaidi ya nusu ya uzito wa baruti hiyo haigeuki hewa hata kidogo. Hugeuka vitu vigumu, hasa kaboneti ya potasiamu, salfeti ya potasiamu na salfaidi ya potasiamu. Moshi ule mweupe wa gobore ni vumbi la chumvi hizo likielea hewani. Tuseme gobore limeshindiliwa gramu 5 za baruti, na asilimia 55 ya uzito ikawa vitu vigumu. Basi kila mlio huzaa gramu 2.75 za chumvi na masizi. Sehemu kubwa hutoka pamoja na moshi; iliyobaki hugandamana ndani ya mtutu.

Kaboneti ya potasiamu si mgeni kijijini. Ni chumvi iliyo nyingi katika maji ya majivu. Majivu ya magunzi ya mahindi au ya maganda ya ndizi yakichujwa kwa maji, na maji hayo yakachemshwa mpaka yakauke, hubaki unga mweupe au wa kijivu. Unga huo ukiachwa wazi kwenye kisahani usiku mmoja wa masika, asubuhi umekuwa tope. Hakuna mtu aliyeumwagia maji. Umeyanywa kutoka hewani.

Kila chumvi ya namna hii ina kiwango chake cha unyevu wa hewa, ambacho kikipitwa, chumvi huanza kunywa mvuke mpaka ijiyeyushe yenyewe. Kwa joto la nyuzi 25 za Selsiasi, kiwango hicho kwa kaboneti ya potasiamu ni takriban asilimia 43. Kwa chumvi ya kula, asilimia 75. Kwa kloraidi ya potasiamu, takriban asilimia 84. Asilimia 43 ni kiwango cha chini mno. Katika miezi ya mvua, hewa ya Nachingwea hukipita usiku na mchana. Kwa hiyo gobore lililopigwa jioni bila kuoshwa huwa na maji ya chumvi ndani yake kabla jogoo hajawika.

Kutu ni kazi ya umeme

Jaribio la misumari mitatu, mmoja katika hewa kavu, mmoja katika maji yaliyochemshwa na kufunikwa mafuta, na mmoja katika maji yenye hewa, hulijua kila mwanafunzi: bila oksijeni na maji kuwapo pamoja, hakuna kutu. Kisichosisitizwa vya kutosha ni kwamba badiliko hili hufanyika kwa njia ya umeme. Mahali pamoja kwenye uso wa chuma, atomi huacha elektroni zake na kuingia majini zikiwa ioni. Mahali pengine kwenye uso huo huo, oksijeni na maji huzipokea elektroni hizo. Mwisho wake huandikwa hivi:

4Fe + 3O2 + 2H2O → 4FeO(OH)

Maji safi hupitisha umeme kwa shida, kwa hiyo hula chuma polepole. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi. Tena ioni za kloraidi huuharibu utando mwembamba wa oksidi ambao, katika hali ya ukavu, hukikinga chuma. Mwanasayansi Ulick Evans wa Cambridge, Uingereza, alilionyesha jambo hili kwa tone moja tu la maji ya chumvi juu ya bamba la chuma. Kwenye ukingo wa tone, hewa iko karibu na oksijeni ni tele. Hapo ndipo elektroni hupokelewa. Katikati ya tone, oksijeni ni haba, na hapo ndipo chuma huliwa. Watu wengi hutarajia kinyume chake.

Kwa mwenye bunduki maana ya tone la Evans ni kubwa. Chuma huliwa zaidi pale palipositirika, chini ya punje ya chumvi au chini ya ganda la masizi, na matokeo yake si mtutu uliopungua sawasawa bali mashimo madogo madogo yanayozama. Shimo likishaanza hushika masizi mengine, kitambaa hakilifikii, na kila msimu wa mvua huliongeza kina. Chuma cha pua hakioti tena kikajaza shimo.

Fataki, na fumbo la siku ya tatu

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alifaulu kutengeneza baruti isiyo na moshi, kwa kutumia selulosi iliyotiwa nitrati, yaani kitu cha asili ya pamba kilichochovywa katika asidi ya nitriki na kutayarishwa zaidi. Baruti hii hugeuka hewa karibu yote. Ilitazamiwa basi kwamba mitutu ingekoma kushika kutu, kwa maana chumvi za potasiamu hazimo. Ikawa kinyume: askari wa nchi nyingi waliona kutu mbaya zaidi kuliko ile ya babu zao. Wale wa zamani, wakichukizwa na uvundo na weusi wa baruti nyeusi, walikuwa wakiosha kwa maji bila kuuliza. Wale wapya, kwa kuuona mtutu umetoka karibu safi, walipitisha kitambaa chenye mafuta na kwenda zao.

Tena kulikuwa na fumbo. Mtutu uliosafishwa ukang'aa siku ya kwanza ulikutwa umechafuka siku ya pili, ukasafishwa tena, ukachafuka siku ya tatu. Wengi walisema chuma hutoa jasho: kwamba hewa za baruti hupenya ndani ya chuma wakati wa mlio, kisha hutoka polepole kwa siku kadhaa. Wengine walilaumu asidi za baruti mpya. Kwa pande zote mbili hoja ilionekana kuwa ya akili, na kwa miaka mingi vitabu vya kijeshi vilifuata mojawapo.

Katika miaka ya mwanzo ya 1920, mkemia Wilbert J. Huff wa idara ya migodi ya serikali ya Marekani alilitatua fumbo hilo. Mkosaji hakuwa baruti bali fataki, yaani kile kidude kidogo kwenye kitako cha risasi kinachogongwa ili kuiwasha baruti. Ndani ya fataki za wakati ule kulikuwa na kloreti ya potasiamu, iliyotiwa ili kutoa oksijeni:

2KClO3 → 2KCl + 3O2

Oksijeni ilifanya kazi yake ikaenda. Kloraidi ya potasiamu ilitapakaa ndani ya mtutu wote kama vumbi lisiloonekana. Ni ndugu wa karibu wa chumvi ya kula, na tabia yake kwa chuma ni ile ile. Huff alionyesha kwamba hewa ikiwa na unyevu mwingi, chumvi hii hukiozesha chuma hata chini ya utando wa mafuta. Hakukuwa na jasho lolote. Kila siku kitambaa kilipunguza chumvi kidogo tu, iliyobaki ikanywa mvuke, na kutu ikarudi.

Hapa mwanafunzi atauliza: mafuta si hukinga chuma? Hukinga, lakini chuma kilicho safi. Punje ya chumvi ni rundo la ioni zenye chaji, zilizoshikamana kwa nguvu. Molekuli ya maji ina upande wenye chaji chanya kidogo na upande wenye chaji hasi kidogo. Kwa hiyo huweza kuzizingira ioni na kuzichomoa mojamoja. Molekuli za mafuta hazina pande za namna hiyo, hazina pa kuishikia ioni. Chumvi hukaa ndani ya mafuta kama mchanga ukaavyo ndani ya maji. Na utando wa mafuta si ukuta: mvuke na oksijeni hupenya polepole, na mara vinapofika kwenye punje ya chumvi, tone la Evans limeanza.

Tangu miaka hiyo ya 1920 viwanda vilianza kutengeneza fataki zisizo na kloreti, na risasi nyingi za kiraia zinazouzwa leo ni za aina hiyo. Majeshi hayakufanya haraka. Fataki za zamani hudumu vizuri ghalani, na baadhi ya nchi, hasa za Ulaya ya Mashariki, ziliendelea kuzitengeneza kwa miongo mingi. Waliosanifu bunduki za nchi hizo walijua risasi wanazozitegemea, ndipo wakapaka krome ndani ya mtutu. Krome yenyewe haishiki kutu. Lakini ikipasuka, au pale ambapo haikupakwa, chumvi hufanya kazi yake ya siku zote.

Jaribio la misumari chini ya mafuta

Mwalimu na achukue misumari 10 mipya ya inchi tatu, isiyopakwa zinki. Misumari hiyo isuguliwe kwa msasa, ioshwe kwa sabuni ili mafuta ya kiwandani yatoke, kisha ikaushwe vizuri. Baada ya hapo ishikwe kwa kitambaa, maana jasho la vidole lina chumvi. Igawanywe jozi tano. Jozi ya kwanza iachwe vivyo hivyo. Ya pili ipakwe mafuta mepesi ya cherehani. Ya tatu ichovywe katika maji ya chumvi, ianikwe mpaka ikauke kabisa, kisha ipakwe mafuta. Ya nne ichovywe na kukaushwa kama ya tatu, lakini isuguliwe kwa kitambaa chenye mafuta mara kumi, kama afanyavyo mtu anayejiona ni hodari. Ya tano ichovywe na kukaushwa vile vile, kisha imwagiwe maji yanayochemka kwa wingi, ikaushwe, ndipo ipakwe mafuta.

Misumari yote itundikwe kwa nyuzi ndani ya ndoo yenye kifuniko, na chini ya ndoo yawekwe maji kina cha kidole kimoja, yasiiguse misumari. Itazamwe kila asubuhi kwa siku 10. Wanafunzi waandike kabla ya kuanza ni jozi ipi wanayodhani itaharibika kwanza; kuandika baadaye hakuna faida. Jozi ya tatu hupata madoa chini ya mafuta. Jozi ya nne huzua mjadala mzuri zaidi, kwa sababu matokeo yake hutofautiana kutoka darasa moja hadi jingine kwa kadiri ya mkono uliosugua. Shule iliyo Nachingwea au Ruangwa inaweza kurudia jaribio hilo Agosti, misumari ikitundikwa katika hewa wazi bila ndoo, kisha Februari, na kulinganisha.

Maji kwanza

Kutoka katika kemia hiyo, kanuni za utunzaji hujipanga zenyewe. Zinamhusu yule tu aliyeruhusiwa kuwa na silaha: askari wa wanyamapori, mgambo aliyepangiwa lindo, au raia mwenye leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kusafisha ni kazi ya mtunzaji. Kubadili vyuma, kuchonga au kuunga ni kazi ya fundi aliyeidhinishwa. Gobore lililotengenezwa kienyeji kwa bomba la maji haliwezi kufanywa salama kwa usafi wa aina yoyote, kwa maana bomba lile halikukusudiwa kubeba kani ya baruti.

Kabla ya kitu kingine bunduki ihakikishwe kuwa tupu, mdomo wake ukielekezwa mahali pasipo na mtu, na risasi ziwekwe chumba kingine. Kwa gobore kuna njia rahisi ya kupima. Mdeki huingizwa polepole mpaka ukome, ukiwa umeelekezwa pembeni mwa mwili, na alama huwekwa palipo mdomo wa mtutu. Kisha mdeki huo hulazwa nje ya mtutu kulinganisha. Ikiwa haukufika karibu na mwisho wa mtutu, kuna kitu ndani, na gobore hilo hupelekwa kwa mwenye ujuzi. Halichokolewi, wala halisogezwi karibu na moto.

Bunduki yenye komeo huondolewa komeo hilo, ili mtutu usafishwe kwa kupitia nyuma. Mdeki unaoingizwa kwa mbele hukwaruza mdomo wa mtutu, na mdomo ukilika upande mmoja risasi hupotea shabaha. Kisha maji yanayochemka, lita moja au mbili, humiminwa kwa faneli kutoka nyuma, mdomo ukiwa chini, kwa uangalifu yasiingie kwenye mti wala kwenye mtambo. Askari wa Kiingereza walifanya hivyo kwa bunduki zao za Lee-Enfield miaka mingi kabla ya Huff kueleza sababu. Kwa nini yachemke? Gramu 100 za maji huyeyusha takriban gramu 34 za kloraidi ya potasiamu kwa nyuzi 20, na gramu 56 kwa nyuzi 100. Lakini sababu hiyo ni ndogo, kwa kuwa chumvi iliyomo mtutuni ni kidogo mno na hata maji baridi yangeimaliza. Faida kubwa ni kwamba maji ya moto huupasha mtutu joto, nao hujikausha wenyewe kwa dakika chache. Asiye na kuni atumie maji baridi kwa wingi, kisha akaushe kwa bidii. Kichwa cha komeo nacho hufutwa kwa kitambaa chenye maji, kwani fataki hukipulizia chumvi.

Baada ya maji hufuata burashi ya shaba, vitambaa vikavu mpaka kitambaa kitoke kikavu na safi, ndipo mafuta. Mafuta yawe mepesi na machache. Yanayotiririka hushuka kwenye mtambo na kukusanya vumbi. Kuhusu mafuta yenyewe, makosa ya kawaida ni matatu. Mafuta ya ufuta, ambayo Lindi hayakosekani, hushika oksijeni na mwishowe hunata kama gundi. Oili chafu ya gari ina asidi na masizi yake yenyewe. Mafuta ya taa huondoa grisi vizuri, lakini hayayeyushi chumvi, tena hukauka na kuacha chuma uchi. Kosa jingine, ambalo msomaji wa makala haya amekwisha kulitambua, ni kusugua mtutu kwa majivu. Weusi hutoka, na kaboneti ya potasiamu inarudishwa mahali ilipoondolewa.

Bunduki isihifadhiwe ndani ya mfuko wa ngozi, ambao hushika unyevu. Desturi ya zamani ya kutundika gobore juu ya meko ilikuwa na akili nusu: joto la moto lilipunguza unyevu, lakini moshi wa kuni una asidi ya aina ile iliyomo katika siki. Kabati lenye kufuli, mahali pakavu, latosha. Siku ya pili na ya tatu mtutu utazamwe kwenye mwanga. Kitambaa cheupe kikitoka na wekundu, maji hayakutosha, na kazi hurudiwa tangu mwanzo. Kabla ya kuitumia tena bunduki mafuta yote yafutwe mtutuni, na ihakikishwe kwamba hakuna kitambaa kilichosahauliwa ndani. Kitambaa hicho peke yake chaweza kuupasua mtutu mzima.

Mazoezi

1. Risasi za Rubens zilianikwa juani. Eleza kwa kutumia viwango vya unyevu vilivyotajwa kwa nini ganda lililokaushwa bila kuoshwa kwa maji matamu halikuwa salama, hata likionekana kavu mchana.

2. Kani ya kugonga huvunja gramu 0.02 za kloreti ya potasiamu katika fataki moja. Kokotoa uzito wa kloraidi ya potasiamu inayobaki baada ya milio 10. (K = 39, Cl = 35.5, O = 16.)

3. Mtu mmoja amepiga risasi ambazo hajui zilitengenezwa lini wala wapi. Je, aoshe mtutu kwa maji au kwa mafuta ya taa? Toa sababu kwa kutaja ioni.

4. Katika jaribio la misumari, jozi ya kwanza haikutiwa chumvi wala mafuta. Ni swali gani lisingeweza kujibiwa kama jozi hiyo ingeachwa?